Tindikali tumboni: wali na unga vinapomdhuru ng'ombe

Kuzidi kwa tindikali tumboni ni maradhi yanayowapata ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapokula kwa ghafla chakula kingi cha wanga, kama vile nafaka, unga, wali au mkate. Mnyama aliyeonekana mzima jioni anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili.

Wanyama wanaocheua wana tumbo lenye sehemu nne. Katika sehemu ya kwanza, iliyo kubwa kuliko zote, wamo vijidudu vinavyochachusha majani yakawa lishe. Majani humfanya mnyama acheue kwa muda mrefu, na mate anayomeza hupunguza ukali wa tindikali. Wanga hauhitaji kucheuliwa sana, nao huchachuka upesi. Bakteria wa tindikali huongezeka, wale wa majani hufa, na kipimo cha pH, ambacho kwa kawaida huwa baina ya 6 na 7, huweza kushuka chini ya 5. Maji ya mwilini huvutwa kuingia tumboni, na tindikali hupenya katika damu.

Kisiwani Unguja, kutokomezwa kwa mbung'o, kulikothibitishwa mwaka 1997, kuliwafungulia wafugaji njia ya kuweka ng'ombe chotara wa maziwa. Ng'ombe hao huhitaji chakula cha ziada juu ya majani, na hapo ndipo hatari ilipo iwapo kipimo hakizingatiwi. Mjini nako, majani yanapokuwa adimu, ni rahisi kumtupia mbuzi wali uliobaki harusini au siku ya Idi.

Dalili zake ni kuacha kula na kucheua, tumbo kujaa, kuharisha choo chenye harufu ya uchachu, kuyumba na hatimaye kulala bila kuinuka. Anayepona huweza kubaki na maumivu ya kwato au majipu ya ini.

Daktari wa mifugo aitwe mapema, kwani dawa ya kupunguza tindikali, kama sodiamu baikaboneti, pamoja na maji ya mshipani, hufaa zaidi mwanzoni. Kinga yake ni nyepesi: majani yatangulie, chakula cha wanga kiongezwe kidogo kidogo kwa muda wa wiki mbili hadi tatu, na ghala la nafaka lifungwe.