Kibra maana yake msitu
Wasee, nimelala Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja. Wageni wanalala kwenye mabanda saba. Ndio, mabanda. Mbele matumbawe, nyuma msitu. Maji ya kuoga ni ya mvua kutoka kwa paa, choo hakiflashi. Huku mtaani hiyo ni shida, kule inalipiwa dola.

Mnara wa taa wa kule ulijengwa 1904. Miaka hiyohiyo Wanubi, askari wa Mwingereza, walikuwa wanaanza kukaa hapa kwetu, wakapaita Kibra, yaani msitu. Chumbe ikatangazwa hifadhi 1994, wavuvi wakafunzwa kuilinda. Na Kibra? Mkoloni alitenga ekari 4,197 mwaka 1918. Hati ya Wanubi ilitoka 2017: ekari 288. Msitu wenyewe sijawahi kuuona.