Saa Ngapi Hadi Recce Wafike?

Kiamunyi ni mtaa wa ploti, mageti na wanafunzi wa kupanga, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Ravine. Ukiuliza hapa kama polisi wetu wako tayari kwa ugaidi, utaulizwa nawe: gaidi atafuata nini huku? Ni swali la haki, ila lina jibu. Kule Garissa hawakufuata mali. Walifuata wanafunzi waliokuwa wamelala.

Nimekuwa nikisoma historia hii ili niandike utafiti wangu. Wengi hupima utayari kwa bunduki, magari na sare mpya. Mimi nimechukua kipimo kingine: saa ngapi zinapita tangu risasi ya kwanza mpaka mtu anayeijua hiyo kazi afike, na akifika, nani anatoa amri.

Tuanze 1998. Tarehe 7 Agosti bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani jijini Nairobi na kuua watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njia. Jengo la Ufundi lililokuwa kando liliporomoka. Watu walifukua vifusi kwa mikono, hadi waokoaji wa Israel walipokuja na mbwa na mitambo. Wakati huo polisi hawakuwa na kitengo cha kupambana na ugaidi. Kitengo tunachokiita ATPU kiliundwa 2003, baada ya hoteli ya Paradise kule Kikambala kulipuliwa Novemba 2002. Sheria ya Kuzuia Ugaidi nayo ilipita 2012. Hesabu mwenyewe: miaka 14.

Halafu Westgate, Jumamosi mchana, tarehe 21 Septemba 2013. Walioingia kwanza walikuwa polisi wachache, wengine hata hawakuwa zamu, pamoja na raia wenye leseni za bunduki. Hao ndio waliowatoa watu wengi wakiwa hai. Recce, kikosi maalum cha GSU, kilifika baadaye na kuanza kuwabana washambuliaji. Kisha jeshi likaingia. Hakukuwa na amri moja wala mawasiliano ya pamoja, na kamanda wa polisi akauawa kwa risasi za upande wetu. Recce wakatoka. Washambuliaji walikuwa wanne tu, lakini kazi ilichukua siku nne na watu 67 wakafa.

Ungedhani somo limeingia. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, watu wanne waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Tahadhari zilikuwa zimetolewa siku chache kabla. Askari na wanajeshi waliokuwa karibu walifika mapema, wakazingira chuo, wakangoja Recce watoke Nairobi, umbali wa kilomita 370 hivi. Recce walifika jua likiwa limeshapita utosi. Walipoingia bwenini, kazi waliimaliza kwa muda mfupi sana. Ila kufikia hapo watu 148 walikuwa wamekufa, 142 kati yao wanafunzi. Nikisoma habari hii huwa nakwama hapo: tulikuwa na watu wanaoweza, tukashindwa kuwafikisha.

Tarehe 15 Januari 2019, kwenye hoteli ya DusitD2, mambo yalikuwa tofauti. Polisi walifika haraka, amri ikawa moja, na vikosi havikupigana kikumbo mlangoni. Watu 21 walikufa, na hakuna anayeweza kuuita huo ushindi. Lakini zaidi ya watu 700 walitolewa salama, na kesho yake asubuhi operesheni ilikuwa imekwisha. Kuna watu walijifunza. Swali langu ni hili: walijifunza nini, na wameandika wapi?

Sisi wa Nakuru tuna haki ya kuuliza, kwa sababu tumeona kinachotokea serikali ikiandika makosa yake. Januari 2008 mji huu uliwekewa kafyu na wanajeshi wakaingia barabarani. Baadaye Tume ya Waki ilikaa, ikasikiliza watu, ikatoa ripoti hadharani. Ripoti ilisema habari za kijasusi zilikuwepo na hazikufanyiwa kazi vizuri, na polisi hawakuwa na mpango wa pamoja. Mageuzi ya polisi yalipata nguvu hapo. IPOA, mamlaka ya raia inayochunguza polisi, ilipata sheria yake mwaka 2011. Haijamaliza matatizo, sawa, lakini leo mama aliyepoteza mtoto ana mlango wa kubisha.

Baada ya Westgate, Rais Uhuru Kenyatta aliahidi tume ya uchunguzi. Haikuundwa. Ripoti ya kamati za Bunge nayo ilikataliwa na Bunge lenyewe. Tulichopewa mtaani ni Nyumba Kumi, mpango uliotoka Tanzania ya miaka ya 1960: mjue jirani yako, toa taarifa. Wazo si baya. Lakini mtu atapeleka taarifa kwa karao anayemwamini. Vijana wa Eastleigh waliofagiliwa na kupelekwa Kasarani Aprili 2014, wengi bila kosa, wataanzia wapi kumwamini?

Ndiyo maana maswali ya utafiti wangu ni madogo. Askari wa kituo cha karibu na bweni amefunzwa afanye nini kwa dakika 30 za kwanza? Redio yake inasikika na kikosi kingine? Nani anampa amri? Mlinzi wa geti anajua ampigie nani? Hakuna siri ya taifa inayovuja hapo. Nakuru ni kilomita 160 hivi kutoka Nairobi, na Kiamunyi iko mbele kidogo. Kabla Recce hawajafika, atakayekuwa hapa ni huyo askari wa kituo, mlinzi na sisi.