Bei ya Muuguzi: Kutoka Namirembe hadi Trinidad

Kitenzi «ugua» hutupa «uguza», na «uguza» hutupa «muuguzi». Mgonjwa na mtunzaji wake wametoka katika shina moja. Leo tuangalie jinsi kazi ya kuuguza ilivyopata bei mjini Kampala, na kwa nini bei hiyo imegombaniwa tangu enzi za wamisionari.

Hospitali za mwanzo zilijengwa vilimani. Mwaka 1897 daktari Albert Cook alianzisha Hospitali ya Mengo huko Namirembe, akisaidiwa na muuguzi Katharine Timpson, ambaye baadaye walioana. Masista Wakatoliki wakafuata: Lubaga mwaka 1899, kisha Nsambya, ambako Mama Kevin, aliyewasili mwaka 1903, aliwahudumia wagonjwa wake wa kwanza chini ya mwembe. Masista hao waliishi kwa nadhiri, si kwa mshahara. Kwa maoni yangu hapo ndipo chanzo cha tatizo: kazi iliyoanza kama wito ikazoeleka kuwa rahisi kwa mlipaji, na muuguzi aliyedai malipo kamili akaonekana kama amepungukiwa na imani.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Katharine, sasa Bibi Cook, aliongoza mafunzo ya wakunga Waganda katika shule ya Lady Coryndon pale Namirembe. Serikali nayo ilikuwa na Mulago, iliyoanza mwaka 1913 kwa kutibu magonjwa ya zinaa. Mulago ilipokua, serikali ikawa mnunuzi mkubwa wa kazi ya uuguzi. Katika soko lenye wauzaji wengi na mnunuzi mmoja mkubwa, mnunuzi ndiye apangaye bei.

Miaka ya Idi Amin iliivuruga hata bei hiyo. Shilingi ilipoteza thamani, mshahara wa mwezi haukutosha chakula cha wiki chache, na watumishi wa umma wakatafuta riziki kwingine. Waganda waliuita uchumi huo «magendo», neno la Kiswahili ambalo hata wasiokijua Kiswahili hapa wanalielewa vizuri sana.

Sasa tuje karibu. Mwaka 2012 Bunge lilikataa kupitisha bajeti mpaka fedha za wahudumu wa afya zipatikane. Zikatengwa shilingi bilioni 49.5 ili kuajiri watu zaidi ya 6,000 katika vituo vya afya. Ulikuwa ushindi, lakini tazama kilichotokea: baadhi ya walioomba nafasi hizo walikuwa tayari wauguzi wa hospitali za misheni. Serikali ilijaza pengo lake kwa kuchimba pengo kwa jirani.

Hapo pana jambo linalowashangaza wengi. Vituo vya umma vina nafasi tupu, na papo hapo wahitimu wa uuguzi wanakaa nyumbani bila ajira. Ugonjwa upo, wauguzi wapo. Kinachokosekana ni fungu la mishahara. Mwanauchumi hatazami idadi ya wagonjwa tu, bali pia kama kuna mtu aliye tayari kulipa.

Ndiyo maana mpango wa mwaka 2014 ulizua hasira. Wizara ya Mambo ya Nje iliandaa kupeleka wahudumu wa afya 263, wakiwamo wauguzi na wakunga, nchini Trinidad na Tobago, nchi iliyokuwa na madaktari wengi zaidi kwa idadi ya watu wake kuliko Uganda. Taasisi moja ya utafiti ya Kampala ilikwenda mahakamani kuupinga, na mwaka 2015 Ubelgiji ikasitisha msaada wake kwa sekta ya afya. Waliotetea mpango walitaja fedha ambazo wahamiaji hutuma nyumbani. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, ila fedha hizo humfikia mama wa muuguzi, hazimfikii mjamzito aliyeachwa wodini.

Uingereza imeiweka Uganda katika orodha ya nchi ambazo waajiri wake hawaruhusiwi kwenda kutafuta wauguzi. Hata hivyo, muuguzi anayeomba kazi mwenyewe, bila wakala, hakatazwi.