Nani Ameshika Mizani? Somo la Pamba kwa Madai ya Umeme na Intaneti Mwanza

Wananchi wa Mwanza wanapodai maendeleo kwa viongozi wao siku hizi, mambo mawili hutajwa pamoja: umeme safi usiokatika na intaneti ambayo mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuilipia. Majibu wanayopewa huwa ya tarakimu. Wanatajiwa megawati zilizoongezwa katika gridi ya Taifa, kilomita za mkongo zilizotandazwa na minara iliyosimikwa. Tarakimu hizo si za kubeza. Hata hivyo, historia ya ukanda huu wa Ziwa Victoria inaonyesha kwamba swali linaloamua nani atanufaika ni jingine: nani anapima, nani anapanga bei, na mwananchi ana njia gani ya kuhakiki? Swali hili si geni hapa. Liliulizwa miaka sabini iliyopita, na walioliuliza walikuwa wakulima wa pamba.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, pamba ilikuwa zao kuu la biashara Usukumani. Mkulima alifika kituoni na mzigo wake, akaupandisha kwenye mizani ya mnunuzi, akasomewa uzito na mnunuzi, akalipwa kwa hesabu ya mnunuzi. Kwa kuwa bei ilikwisha kupangwa na Serikali ya kikoloni, mahali pepesi pa kumpunja mkulima palikuwa kwenye uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wakaanza kuajiri wapimaji wao wenyewe, ili kila mtu ajue uzito wa pamba yake kabla haijamfikia mnunuzi. Kitendo hicho kidogo kilizaa jambo kubwa. Paul Bomani, ambaye tayari alikuwa kiongozi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika mjini Mwanza, alizunguka vijijini kuviunganisha vikundi vya wakulima. Mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika uliojulikana kwa kifupi kama VFCU, ambao ulikua na kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika na kumiliki vinu vyake vya kuchambulia pamba.

Tuzingatie wakati wenyewe. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, TANU haikuruhusiwa kufanya kazi Usukumani. Katika kipindi ambacho siasa ya vyama ilizibwa mdomo, wananchi walijifunza kujitawala kwa kupitia mizani.

Hata hivyo, tusiipambe historia. Baada ya uhuru, malalamiko ya kupunjwa na ya ubadhirifu yaliwageukia watendaji wa ushirika wenyewe, kiasi kwamba mwaka 1966 Serikali iliunda tume kuchunguza mwenendo wa vyama hivyo nchini. VFCU ikageuzwa kuwa Nyanza mwaka 1968, na mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, kazi zao zikakabidhiwa mamlaka za mazao zilizoundwa na Serikali. Tangu hapo mkulima akawa anauza kwa chombo cha umma ambacho hakuwa na sauti ndani yake. Somo lake ni zito: neno “umma” likiandikwa mlangoni halitoshi. Mizani ya mtu binafsi huweza kumpunja mwananchi, na mizani ya ushirika na ya Serikali vilevile, endapo anayepimiwa hana nafasi ya kuitazama.

Kwa upande wa umeme, ziwa hili lina kisa chake. Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilizinduliwa Jinja, Uganda, mahali ambapo Mto Nile unatoka ziwani. Maji yanayogusa pia mwambao wa Mwanza, Musoma na Bukoba yakaanza kuzungusha mitambo, lakini Mwanza iliendelea kutegemea mitambo ya dizeli kwa miongo kadhaa, hadi gridi ya Taifa ilipoufikia mji katika miaka ya 1980. Hata baada ya hapo, ukame ulipopunguza maji katika mabwawa, mgawo wa umeme wa mwaka 2006 na 2011 ulituonyesha udhaifu wa kutegemea chanzo cha aina moja. Leo kuna Rusumo, mradi wa megawati 80 kwenye Mto Kagera unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, na kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Umeme upo zaidi kuliko wakati wowote. Linalobaki ni bei na kipimo.

Hakuna mahali palipoonyesha jambo hili wazi kama Kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe. Mwaka 2016, katika kijiji cha Bwisya, kampuni ya JUMEME ilizindua gridi ndogo inayotumia umeme wa jua. Taa zikawaka na mashine zikazunguka bila kusubiri nguzo za gridi ya Taifa. Lakini uniti moja iliuzwa kwa bei iliyokuwa mara nyingi zaidi ya ile anayotozwa na TANESCO mtumiaji mdogo, na wananchi wakalalamika. Mwaka 2020 Serikali iliagiza bei ya gridi ndogo ishushwe hadi shilingi 100 kwa uniti. Wananchi walipata nafuu. Wawekezaji wakasema bei hiyo hairudishi gharama.

Kila upande ulikuwa na haki yake. Kwa nini mtu wa kisiwani alipe zaidi kuliko mtu wa Nyamagana kwa taa ileile? Na ni kweli pia kwamba shilingi 100 ya TANESCO si gharama halisi ya kuzalisha na kusafirisha umeme. Pengo lake huzibwa ndani ya mfumo mpana wa wateja wengi na Serikali. Kampuni ndogo kisiwani haina mfumo huo. Agizo lilishusha bei bila kujibu nani atabeba tofauti. Mizani ina sahani mbili, na anayeondoa uzito upande mmoja lazima aseme anauweka wapi.

Mjini nako mizani haijakaa sawa. Tangu Januari 2022, kuunganishiwa umeme kijijini ni shilingi 27,000, ilhali mjini ni shilingi 320,960 hata kwa mteja wa karibu na nguzo. Mwanza ni jiji, lakini pembezoni mwake zipo kaya zinazoishi kwa jembe na wavu kama kaya za vijijini. Tofauti ya karibu shilingi laki tatu inatokana na jina la eneo, wala haitokani na mfuko wa mwenye nyumba.

Intaneti imefuata njia hiyohiyo. Mwaka 2009 mkongo wa baharini ulifika Dar es Salaam, na Serikali ikaanza kujenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, unaosimamiwa na TTCL. Sehemu ya mkongo huo hupita pamoja na njia kuu za umeme, kwa hiyo mali ya umma ya aina mbili husafiri juu ya minara ileile. Lakini mwanafunzi wa Mwanza hanunui mkongo, ananunua bando. Tarehe 2 Aprili 2021, utaratibu mpya wa vifurushi ulipoanza, wananchi walipiga kelele nchi nzima kwa sababu fedha ileile ilinunua kifurushi kidogo zaidi, na Serikali ikausitisha mara moja. Wakulima wa miaka ya 1950 wangeutambua mgogoro huo: mnunuzi wa bando naye husomewa kipimo na muuzaji.

Wengine wamejaribu njia tofauti. Katika mji wa Chattanooga nchini Marekani, shirika la umeme linalomilikiwa na mji lilitandaza nyuzi za mawasiliano kusimamia nyaya zake, kisha mwaka 2010 likaanza kuuza intaneti ya kasi kubwa kwa wakazi wote wa eneo lake. Halmashauri zetu hazimiliki shirika la umeme, kwa hiyo hatuwezi kuunakili mfano huo. Kinachofaa kuchukuliwa ni wazo: umeme na mawasiliano vipangwe pamoja, na mji uwe na sauti.

Najua jibu litakalotoka kwa baadhi ya watumishi wa umma: umeme ni wa TANESCO, bei ni ya EWURA, mawasiliano ni ya TCRA, na halmashauri haina mamlaka. Ni kweli kwa bei. Lakini Ibara ya 146 ya Katiba inaeleza kwamba serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zina mengi mikononi. Zinaweza kudai kwamba kila inapojengwa barabara mpya ya mtaa, bomba la kupitishia nyuzi liwekwe kabla ya lami. Zina shule, zahanati na masoko: mapaa yake yanaweza kubeba paneli za jua, na majengo yake yanaweza kuwa vituo vya intaneti ya bure kwa wanafunzi. Zina mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu: sehemu yake inaweza kuwasaidia wavuvi wa dagaa kuziacha karabai za mafuta ya taa na kutumia taa za jua.

Zaidi ya yote, zina baraza la madiwani. Wananchi waombe kwamba katika kila kikao cha robo mwaka isomwe taarifa ya saa ambazo umeme ulikatika kwa kila kata, idadi ya waliolipia kuunganishwa na bado wanasubiri, na shule za umma zisizo na intaneti. Madiwani waitumie taarifa hiyo wanapotoa maoni EWURA inapokusanya maoni kuhusu bei. Kazi hii haihitaji bajeti kubwa. Inahitaji daftari, kalamu na diwani asiyeogopa kuuliza.

Wakulima wa pamba hawakuanza kwa kudai kinu. Walianza kwa kudai kujua uzito wa mzigo wao wenyewe, na kinu kikaja baadaye. Mwaka 1976 walinyang'anywa vyote viwili. Kizazi kinachodai umeme wa jua na mkongo wa umma kidai kwanza mizani, na kikishaipata, kisiiache tena mikononi mwa mtu mmoja, hata akiwa na nia njema.