Hasi Kwanza: Historia ya Kufungua Betri ya Gari

Mwanagenzi wa ufundi magari, awe Gerezani jijini Dar es Salaam au Grogan jijini Nairobi, hufundishwa mapema kabisa kwamba betri hufunguliwa kuanzia upande wa hasi, na wakati wa kurudisha, hasi hufungwa mwisho. Kwenye gari lenye king'ora maagizo huongezeka: zima alamu kwanza, zungusha ufunguo hivi, subiri kiasi hiki. Maagizo hayo hayakutungwa na mtu mmoja wala kwa siku moja. Kila hatua iliongezwa kujibu tatizo la zama zake, na fundi anayelijua tatizo hilo hapotei hata akiletewa gari ambalo hajawahi kuligusa.

Betri yenyewe ni kongwe kuliko gari. Mfaransa Gaston Planté aliunda betri ya risasi na tindikali mwaka 1859, na mwaka 1881 mwenzake Camille Faure akaiboresha kwa kupaka mabamba yake rojo ya risasi, ikaweza kubeba umeme mwingi zaidi. Hata hivyo, magari ya mwanzo hayakuitegemea ili kuwaka. Dereva alisimama mbele ya injini na kuzungusha hendeli kwa nguvu zake zote. Injini ilipopiga kinyume, hendeli ilirudi kwa kasi ya kuvunja mkono.

Aliyemaliza adha hiyo ni Mmarekani Charles Kettering. Kabla ya kuingia kwenye magari alikuwa ametengeneza mota ndogo ya umeme ya kuendesha mashine za kuhesabia fedha madukani, na hapo alijifunza jambo muhimu: mota ndogo huweza kutoa nguvu kubwa, mradi ifanye kazi kwa muda mfupi tu. Kampuni yake ya Delco ilipeleka maarifa hayo Cadillac, na magari ya modeli ya 1912 yakatoka kiwandani yakiwa na stata ya umeme. Ford Model T, gari la watu wa kipato cha kawaida, lilianza kuuzwa na stata kama nyongeza mwaka 1919.

Stata ndiyo iliyoigeuza betri kuwa kitu cha kuogopwa. Ili kuzungusha injini baridi, betri hutoa mamia ya ampea kwa mara moja. Volti 12 hazimrushi mtu, lakini ampea hizo zikipita kwenye spana huweza kuitia wekundu au kuigandisha kwenye chuma. Bodi nzima ya gari imeunganishwa na upande mmoja wa betri, ule unaoitwa ethi. Fundi akianza na upande usio wa ethi, kisha spana yake ikagusa bodi, amepiga shoti. Akianza na waya wa ethi, spana ikigusa bodi haitokei kitu. Na waya huo ukishatoka, upande wa pili unafunguliwa kwa usalama. Cheche nazo zina hatari yake, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, na gesi hiyo ikilipuka hurusha tindikali usoni.

Kanuni halisi, basi, ni "ethi kwanza". Ile ya "hasi kwanza" ilikuja baadaye. Kwa miongo kadhaa magari mengi ya Uingereza yalifungwa chanya kwenye bodi, kwa imani kwamba mpangilio huo ulipunguza kutu na kusaidia cheche za plagi. Morris Minor na Land Rover za zamani, zilizojaa kwenye barabara za Afrika Mashariki wakati wa ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, zilikuwa za aina hiyo, na fundi aliyezihudumia alianza na chanya. Kilichobadilisha mambo ni alteneta yenye dayodi na redio za transista, vifaa vinavyoungua mara moja umeme ukigeuzwa. Chrysler ilianza kufunga alteneta kwenye Valiant mwaka 1960, na kufikia mwisho wa muongo huo Waingereza nao walikuwa wamehamia ethi ya hasi.

Kisha wakaja wezi. Alamu za mwanzo zilikuwa nyepesi: swichi ya taa ya mlango iliunganishwa na honi, mlango ukifunguliwa honi inalia. Chevrolet Corvette ya 1972 ilitoka kiwandani na alamu kama kifaa cha kawaida. Lakini alamu iliyotegemea betri moja tu ilikuwa na kasoro iliyo wazi, kwani ukikatwa waya wa betri, kelele nayo inakatika.

Dawa yake ilikuwa king'ora chenye betri yake ndogo ndani. Umeme wa gari ukitoweka ghafla, king'ora huchukulia kwamba kuna mwizi, kikalia kwa nguvu zake chenyewe. Uingereza ndiko kilikosambaa kwa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, England na Wales zilikuwa zikiandikisha wizi wa magari zaidi ya 500,000 kwa mwaka. Kituo cha utafiti cha kampuni za bima kilichoko Thatcham kikaweka madaraja ya vifaa vya ulinzi, na daraja la juu lilidai alamu yenye umeme wake wa akiba. Kuanzia Oktoba 1998, magari mapya ya abiria barani Ulaya yalilazimika pia kuwa na kifaa kinachozuia injini kuwaka bila ufunguo halali, ulinzi ambao hauondoki kwa kuchomoa betri.

King'ora hicho hakimtofautishi mwizi na mwenye gari anayebadilisha betri yake mchana kweupe. Watengenezaji wakalazimika kuandika utaratibu. Kwenye Range Rover za kuanzia 1994 zenye king'ora hicho, mwenye gari huzima alamu, huweka swichi ya ufunguo kwenye "on", huirudisha kwenye "off", kisha ana sekunde 17 za kuchomoa waya wa hasi. Akichelewa, mtaa mzima utajua. Magari mengine yana muda tofauti, na ving'ora vingine vya kufungwa baadaye vina kitundu cha ufunguo mdogo wa kuvinyamazisha. Kwa hiyo kitabu cha gari husomwa kabla ya kushika spana, na waya wa ethi hulegezwa mapema ili muda usiishie kwenye nati iliyoshika kutu.

Mifuko ya hewa ilileta subira nyingine. Mfumo wake huhifadhi umeme kidogo hata betri ikiwa imetoka, ndiyo maana vitabu vya ufundi vya Toyota huagiza kungoja angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani au nyaya zake. Redio nazo zikawekewa namba za siri. Wanunuzi wa magari yaliyotumika kutoka Japani wanalijua hili vizuri: redio nyingi za ramani za Toyota hujifunga betri ikichomolewa, zikadai namba kwa maandishi ya Kijapani, na ni busara kuipata namba hiyo kabla ya kufungua boneti.

Hata gari la mseto halijaiacha betri ya volti 12. Kwenye Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka mwaka 2003, betri hiyo imewekwa nyuma, na mlango wa buti hufunguliwa kwa swichi ya umeme. Fundi akiichomoa na kuufunga mlango, swichi haifanyi kazi tena. Itambidi aingie ndani kutafuta kifungulio cha dharura, au apeleke umeme kupitia sehemu ya chanya iliyoachwa kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti.