Matumbawe laini kwenye tangi la nyumbani: usiyaue kwa chakula

Wadau, leo siasa tuipumzishe kidogo. Kuna kijana kaniuliza eti nayalisha nini matumbawe yangu, na kama na yeye anaweza kwenda Mbudya akachomoa moja akafuge nyumbani. Nitajibu yote mawili, ila naanza na chakula maana hapo ndipo mimi mwenyewe nilichemsha.

Tangi langu la kwanza huku Uingereza lilikuwa la lita 120. Ndani kulikuwa na tumbawe lenye umbo la uyoga, wataalamu wanaliita Sarcophyton. Siku moja likajikunja, minyiri yote ndani, ngozi inang'aa kama imepakwa nta. Nikajua tu, hili lina njaa. Nikaanza kumimina chakula cha maji asubuhi na jioni. Siku ya nne maji yamekuwa kama maziwa. Siku ya sita samaki wawili wamekufa na shina la tumbawe limeanza kuoza.

Kumbe halikuwa na njaa wala halikuumwa. Lilikuwa linajichuna ngozi! Sarcophyton ndivyo lilivyo: kila baada ya muda linajifunga siku kadhaa, saa nyingine zaidi ya wiki, linavua utando ulioshika uchafu na mwani, halafu linafunguka zuri kuliko mwanzo. Lilichotaka kwangu ni maji yanayotembea vizuri ili utando ule uondoke. Basi.

Hapa inabidi ujue jambo moja. Ndani ya nyama ya matumbawe mengi ya aina hii wanaishi mwani wadogo sana, huwaoni kwa macho. Ni kama wapangaji: wanapewa makao, wanalipa kodi kwa sukari wanayotengeneza kwa mwanga. Kwa hiyo chakula cha kwanza ni taa. Mimi nawasha saa 8 mpaka 10 kwa siku, na taa mpya naanza nayo kwa nguvu ndogo kisha naongeza taratibu kwa wiki mbili tatu. Maji yakipata joto sana hao wapangaji wanatoka na tumbawe linabaki jeupe. Ndicho kilichotokea kwenye miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Nyumbani shika nyuzijoto 24 hadi 27.

Chakula cha kumimina ni nyongeza tu. Mara moja au mbili kwa wiki inatosha, jioni taa zikishafifia na minyiri ikiwa nje (hesabu, kila mdomo una minane). Nazima pampu ya chujio dakika 15 hivi, ile ya kuzungusha maji naiacha. Navuta artemia wachanga kwenye bomba la sindano, bila sindano yenyewe jamani, naachia kidogo kidogo pembeni ya tumbawe. Kama una samaki unaowalisha kila siku, mabaki na kinyesi chao tayari ni sehemu ya mlo.

Aina nazo zinatofautiana. Xenia, lile linalofumba na kufumbua kama viganja, watu hudhani linakamata chakula. Utafiti uliotoka 2013 kwa jamaa zake wa Bahari ya Shamu ulionyesha kwamba kule kupepea kunaondoa oksijeni iliyozidi ili mwani wa ndani wafanye kazi vizuri. Mimi silipi chochote na linaota kama magugu. Kinyume chake ni Dendronephthya, lile la rangi za maua. Halina mwani ndani, linataka chakula mchana kutwa, na kwenye matangi mengi linakufa njaa baada ya wiki chache. Usidanganywe na urembo, liache dukani.

Maji: chumvi gramu 35 kwa kila lita, amonia sifuri, nitrati 5 hadi 10 si mbaya, maana matumbawe laini hayapendi maji yaliyochujwa mpaka yakawa matupu. Badilisha asilimia 10 kila wiki. Yakipungua kwa kukauka, jazia maji yasiyo na chumvi. Chumvi haipai hewani, ukijazia ya bahari unazidisha tu. Dawa za samaki zenye shaba zisiguse tangi hilo kabisa.

Halafu majirani hawa wanapigana kwa sumu. Sarcophyton linaachia kemikali zinazodumaza matumbawe magumu yaliyo karibu, ndiyo maana naweka mkaa maalumu wa kuchujia na kuubadilisha kila mwezi. Kubwa zaidi: vile vinavyofanana na vifungo vya shati, vinavyouzwa pamoja na matumbawe laini, baadhi vina palitoksini, sumu iliyotengwa Hawaii 1971. Vaa glavu na miwani, na jiwe lake usilichemshe wala kulisugua kwa maji ya moto. Kuna familia nzima zimelazwa kwa mvuke huo.

Sasa Mbudya. Hapana, kaka. Ile na Bongoyo ni hifadhi za bahari tangu 1975, kuchomoa ni kosa. Na hata usipokamatwa, umeme ukikatika usiku mmoja pampu ikasimama, oksijeni inaisha na asubuhi unatupa maiti. Anza na samaki, nunua pampu ya hewa ya betri, uone kama unaweza kutunza maji miezi sita.

Huku sisi tunagawana vipande. Sarcophyton nililonalo sasa nimelikata mara mbili kwa wembe mpya: unakata ukingo wa kofia, unakifunga kipande juu ya kijiwe kwa wavu mwepesi, unakiweka penye mkondo mdogo. Wiki tatu hivi kinashika chenyewe, na shina mama linafunga kidonda bila dawa.