Makabati ya jikoni ya kuunganisha: Yanayopaswa kuzingatiwa kabla ya kununua na kufunga

NYUMBA nyingi za Mji Mkongwe wa Zanzibar zilijengwa katika zama ambazo jiko halikuhitaji kabati. Chakula kilipikwa kwa kuni au mkaa, mpishi akiwa ameketi juu ya kibao, mbuzi ya kukunia nazi ikiwa pembeni na vyombo vimepangwa juu ya rafu. Jiko la gesi limewainua wapishi wengi kutoka kwenye kibao, na pamoja nalo yamekuja makabati yanayouzwa vipande vipande ndani ya maboksi, ambayo mnunuzi au fundi wake huyaunganisha nyumbani.

Kwa mkaazi wa mji, makabati hayo yana faida iliyo wazi. Vichochoro vya Kiponda, Mkunazini au Hurumzi havipitishi gari, na ngazi za nyumba kongwe ni nyembamba na zenye kona. Boksi lililo bapa hubebwa na hamali mmoja au wawili mpaka ghorofa ya juu, wakati kabati zima lingekwama mlangoni.

Hata hivyo, kuta za mawe ya matumbawe, hewa yenye chumvi na unyevunyevu wa kisiwa si mazingira yaliyokusudiwa na viwanda vingi vinavyotengeneza bidhaa hizo. Kabati lililofungwa vibaya huweza kung'oka ukutani likiwa na mzigo wake wote wa vyombo. Maji yanayovuja nyuma ya kabati nayo huweza kuozesha boriti za sakafu kwa muda mrefu bila ya mwenye nyumba kutambua.

Chimbuko lake

Jiko la makabati yaliyopangwa kwa vipimo maalumu lilipata umaarufu mjini Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1926, pale msanifu majengo kutoka Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alipobuni jiko dogo lenye upana usiofika mita 2. Majiko yapatayo 10,000 ya aina hiyo yaliwekwa katika nyumba za wafanyakazi, chini ya mpango wa makaazi ulioongozwa na Ernst May. May mwenyewe alihamia Tanganyika mwaka 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akafanya kazi ya usanifu wa majengo Nairobi na kuacha kazi zake nchini Kenya na Uganda.

Samani za kuunganisha nyumbani nazo zilienezwa na kampuni ya IKEA ya Sweden, iliyoanzishwa na Ingvar Kamprad mwaka 1943, ambayo katikati ya miaka ya 1950 ilianza kuuza samani zilizofungashwa bapa ili kupunguza gharama za usafirishaji na uharibifu wa njiani.

Vipimo

Kazi ya kwanza ni kupima jiko, si kwenda dukani. Urefu wa kila ukuta upimwe mara 3: chini, katikati na juu, kwa sababu kuta za nyumba kongwe mara nyingi hazikunyooka. Kipimo kidogo zaidi ndicho cha kufuatwa. Milango, madirisha, mabomba na soketi za umeme zioneshwe katika mchoro.

Makabati ya chini kwa kawaida huwa na kina cha sentimita 56 hadi 60, na pamoja na miguu na meza ya juu hufikia kimo cha sentimita 85 hadi 92. Ya ukutani huwa na kina cha sentimita 30 hadi 37, na huachwa nafasi ya sentimita 45 hadi 55 kati yake na meza. Upana huja kwa viwango kama sentimita 30, 40, 50, 60 na 80. Ukuta wa mita 2.5, kwa mfano, hupokea makabati 4 ya sentimita 60, na sentimita 10 zinazobaki huzibwa kwa kipande cha ubao. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwani bila yake droo na milango ya pembeni itagonga ukuta.

Ubao gani ununuliwe

Makabati mengi ya bei nafuu hutengenezwa kwa ubao wa nyuzi za mbao au chembe za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, yaani MDF na chipubodi, kisha hufunikwa kwa melamini. Ubao huo hauharibiki kwa uso wake bali kwa kingo zake. Maji yanapopenya kwenye ukingo usiozibwa, ubao huvimba na haurudi tena katika hali yake ya awali. Skrubu nazo hulegea, na bawaba hung'oka.

Kwa jiko la Unguja, ambako masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na vuli kuanzia Oktoba hadi Disemba, plaiwudi inayostahimili maji ndiyo chaguo bora kwa kabati la chini ya sinki. Pale isipopatikana, itafutwe MDF ya kustahimili unyevu, ambayo mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani ili itambulike. Rangi pekee si ushahidi, hivyo maelezo yaliyoandikwa kwenye boksi yasomwe. Unene wa mbao za ubavuni usipungue milimita 16.

Mnunuzi afungue boksi mbele ya muuzaji, ahesabu vipande na vifaa kwa kufuata karatasi ya maelekezo, akague kingo na kudai risiti. Skrubu na bawaba za chuma cha kawaida hupata kutu haraka katika hewa ya bahari, na ni busara kununua mapema za chuma kisichoshika kutu.

Bei nayo ilinganishwe na kazi ya seremala wa hapa. Samani zinazotoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliingizwa katika daraja jipya la ushuru wa forodha la asilimia 35 lililoanza Julai 1, 2022. Seremala hufuata upindo wa ukuta wenyewe na hutumia mbao ngumu kama mninga au msaji. Ubaya wake ni kwamba mbao zisizokauka vyema hupinda, na zisizotiwa dawa huliwa na mchwa.

Ukuta hautabiriki

Ukuta wa nyumba ya Mji Mkongwe ni mkusanyiko wa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo, na unene wake huweza kufika nusu mita au zaidi. Unaonekana imara, lakini keekee inaweza kuangukia kwenye jiwe gumu hapa na kwenye chokaa laini sentimita 5 mbele yake. Plagi fupi ya plastiki inayotosha kwenye ukuta wa matofali ya saruji, kama wa nyumba za Michenzani zilizojengwa miaka ya 1970, huteleza na kutoka katika ukuta kama huo.

Kabati la ukutani lenye upana wa sentimita 80, likijazwa sahani na bakuli, linaweza kufikia kilo 50. Kwa sababu hiyo, njia salama zaidi katika nyumba kongwe ni kutumia makabati yanayosimama sakafuni, au yale ya juu yanayobebwa na nguzo zinazoshuka hadi chini. Ikiwa lazima yatundikwe, kwanza ufungwe ubao mrefu wa mbao ngumu kwa skrubu ndefu katika sehemu nyingi, kisha makabati yafungwe juu ya ubao huo. Tundu litobolewe bila ya mpigo wa nyundo, ili mawe yaliyo jirani yasilegee.

Lipu ya saruji isipakwe juu ya ukuta wa chokaa ili kuunyoosha. Saruji huziba pumzi ya ukuta na kufungia unyevu ndani, na unyevu huo huishia kwenye migongo ya makabati. Chokaa itengenezwe kwa chokaa, na iachwe nafasi ya sentimita 1 au 2 nyuma ya makabati ili hewa ipite.

Namna ya kufunga

Kazi ianze kwa kutafuta sehemu ya sakafu iliyo juu zaidi kwa kutumia pimamaji, na mstari wa kimo uchorwe ukutani kutoka hapo. Makabati ya juu, kama yapo, hutangulia, ili fundi asizuiwe na ya chini.

Kila kabati liunganishwe juu ya zulia au kadibodi. Vijiti vya mbao hutiwa gundi na kuingizwa kwanza, kisha vifungio vya kuzungusha hukazwa kwa bisibisi ya mkono. Mashine ya umeme hukaza kupita kiasi na kupasua chipubodi. Kabla ya ubao wa nyuma kupigwa misumari, pembe mbili za mshazari zipimwe: zikilingana, kabati limekaa mraba.

Kabati la kona huwekwa mwanzo, na mengine hufungwa kwake. Miguu iwe ya plastiki na ya kurekebishika, kwa vile sakafu za majiko ya Unguja huoshwa kwa maji mengi, na ubao unaogusa sakafu hauchukui muda kuvimba. Tundu za mabomba na kingo zote zilizokatwa zipakwe vanishi au silikoni siku hiyo hiyo.

Maji, gesi na umeme

Mabomba yajaribiwe kwa siku nzima kabla ya kabati la sinki kufungwa moja kwa moja. Ubao wake wa nyuma uwe wa kuondoka, ili ukuta ukaguliwe mara kwa mara.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, na ikivuja hutuama chini. Mtungi ukae nje ya jiko inapowezekana. Ukiwekwa kabatini, kabati hilo liwe na matundu ya hewa chini, na ndani yake kusiwe na soketi wala swichi. Waya za umeme zisipitishwe nyuma ya makabati bila ya fundi aliyesajiliwa kuzikagua.

Kibali

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Kuunganisha kabati si ujenzi, lakini kuvunja ukuta, kuhamisha jiko kutoka chumba kimoja hadi kingine au kupitisha mabomba mapya kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Mpangaji naye anapaswa kupata ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib hapo Disemba 25, 2020, kulikosababisha vifo vya watu wawili, kuliwakumbusha wakaazi kwamba majengo ya mji huo, hata yale makubwa, hayana nguvu isiyo na mwisho. Anayeona nyufa mpya, sakafu inayobonyea au boriti zilizolainika amwite kwanza mtaalamu wa majengo. Makabati yanaweza kusubiri ndani ya maboksi yao mahali pakavu hadi jengo litakapothibitishwa kuwa salama.